Kobe wangu anataka nyanya, tango na saladi tu: nimlishe nini?

Swali

Shikamoo daktari. Nina kobe wa nchi kavu niliyepewa akiwa bado anaenea kiganjani. Sasa ana miaka mitatu. Aliyenipa alisema ni kobe chui. Anaishi ndani, karibu na dirisha linalopata jua. Kila siku nampa saladi, tango, nyanya na ndizi, na mara mojamoja mkate au chakula cha paka ili apate nguvu. Anakula vizuri sana, ila choo chake kimekuwa laini na kina harufu kali, na gamba limeanza kuota vinundu. Nikimpa majani mengine anayanusa kisha anageuka. Mtu mmoja ameniambia vinundu huletwa na protini, mwingine akasema ni ukosefu wa kalsiamu. Nimlishe nini hasa, kwa kiasi gani, na je, nimnunulie vitamini?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeeleza kila kitu bila kuficha, na hilo limenirahisishia kazi, maana nusu ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe.

Nianzie pale uliposema anakula vizuri sana. Kula kwa pupa ni jambo moja, kulishwa vizuri ni jambo lingine. Kobe huvutwa na rangi nyekundu na njano, na huvutwa na utamu, kwa sababu porini tunda lililoiva ni bahati ya kupita. Akilikuta chini ya mti hulila lote, kwani kesho halipo. Wewe kwa mapenzi yako umeifanya bahati hiyo kuwa ya kila siku. Siku zake nyingine zote porini hupita akitembea polepole na kung'ata nyasi, majani machungu, yenye vinyweleo, yenye miiba, mengine yamekauka nusu. Ni vitu ambavyo mkulima huving'oa na kuvitupa. Hivyo ndivyo vilivyoujenga mwili wake. Kobe wengi wanaoletwa kwangu wakiwa wagonjwa hawajakosa chakula hata siku moja. Wamekula chakula laini, kitamu na kingi mno.

Kabla hatujaingia jikoni, hakikisha kwanza ni kobe wa aina gani. Kobe chui ana gamba la manjano au kahawia hafifu lenye madoa meusi. Kama gamba lake ni la kahawia tupu na ana miiba minene kwenye mapaja ya nyuma, huyo ni sulcata, yule mkubwa wa kingo za Sahara. Kwa bahati njema wote wawili ni walaji wa nyasi, kwa hiyo nitakayokueleza yanawafaa wote. Ila aina nyingine si hivyo. Kobe wa Hermann na jamaa zake wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na wale wa nyika za Asia ya Kati, hutegemea zaidi magugu ya majani mapana kuliko nyasi. Kobe wa misitu ya Amerika Kusini wenye magamba mekundu miguuni, wao hula matunda, uyoga, na hata wadudu na mizoga kidogo, na matumbo yao yanayamudu. Nalisema hili kwa sababu watu wengi husoma ushauri ulioandikwa kwa kobe wa msituni, wakaupeleka kwa kobe wa mbugani, wakashangaa mambo kwenda kombo.

Sasa tuangalie choo chake, maana ndicho kinachotueleza yanayoendelea tumboni. Kobe wako humeng'enya chakula kama farasi, yaani kazi kubwa hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana. Huko kuna bakteria na vijidudu wengine wanaochachusha nyuzinyuzi za majani polepole na kumpa nguvu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na kama kobe amepoa inaweza kuchukua hata wiki kadhaa. Vijidudu hao wamezoea nyasi. Ukiwamiminia sukari ya ndizi na nyanya kila siku, mchachuko unabadilika, utumbo unakuwa na asidi nyingi, wale wema wanapungua na wengine wanazaana kupita kiasi. Matokeo yake ni hayo uliyoyaona: choo laini chenye harufu. Choo cha kobe mla nyasi aliye mzima huwa kimeshikamana, na ukikivunja unaona nyuzi za nyasi ndani yake, na harufu yake ni hafifu tu. Ukishaanza kuona nyuzi, ujue tumefika.

Halafu kuna suala la gamba, ambalo kwa kweli ni suala la mifupa. Gamba la kobe ni mfupa hai uliofunikwa na tabaka gumu kama kucha, na linaendelea kukua pamoja naye. Mfupa unahitaji kalsiamu, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba kalsiamu huhesabiwa pamoja na mwenzake, fosforasi. Chakula cha kobe kinatakiwa kiwe na kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi, na ikizidi hapo ni heri zaidi. Fosforasi ikizidi, mwili hujaribu kuweka uwiano wa damu sawa kwa kuchota kalsiamu kutoka mahali ilipohifadhiwa, yaani kwenye mifupa yenyewe.

Chukua vyakula vyako sasa, tuvipime katika gramu 100. Nyanya ina kalsiamu miligramu 10 hivi, na fosforasi 24. Tango lina 16 kwa 24. Ndizi ina 5 kwa 22, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Saladi ile nyeupe inayofunga kama kabichi ina karibu 18 kwa 20, na zaidi ya asilimia 95 yake ni maji. Hakuna hata kimoja kilichofika mara mbili, hakuna hata kimoja ambacho kalsiamu imeishinda fosforasi. Sasa linganisha na majani ya dandelioni, gugu lenye ua la njano: yana karibu 187 kwa 66. Mashina mapana ya mpungate, ile dungusi kakati, yana takriban 164 kwa 16. Unaona tofauti? Umekuwa ukimpa vyakula vinne ukidhani umemchanganyia, lakini kwa mwili wake vyote ni chakula kimoja chenye rangi nne: maji, sukari kidogo, na mifupa inayodaiwa.

Ndiyo maana napenda nieleze maana ya mchanganyiko kwa kobe, kwa sababu neno hili huwapoteza wengi. Hatubadilishi vyakula ili kobe asichoke na ladha. Tunabadilisha kwa sababu karibu kila mmea una ila yake. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi ukisoma karatasi, lakini vina oksaleti, ambazo huishika kalsiamu hiyohiyo ikapita tumboni bila kufyonzwa. Kabichi, sukuma wiki na brokoli vina vitu vinavyoizuia tezi ya thairoidi kutumia iodini. Majani na maganda ya mimea ya jamii ya kunde yana protini nyingi. Hakuna kimojawapo hapo kilicho sumu. Jani la sukuma wiki leo na jani la mchicha wiki ijayo hayatamdhuru kobe wako. Yanadhuru pale yanapokuwa sufuria ya kila siku, mwezi baada ya mwezi. Ukiwa na mimea kumi inayozunguka, ila ya mmoja inafunikwa na uzuri wa mingine, na hakuna ila inayopata nafasi ya kulimbikizana. Kwa hiyo hesabu mimea ya aina tofauti kabisa, siyo rangi kwenye sahani.

Basi umlishe nini? Kwa kobe chui, msingi ni nyasi. Nakusudia robo tatu ya chakula chake au zaidi iwe nyasi, mbichi zinapopatikana na kavu zisipopatikana. Ukoka unafaa sana, na nyasi nyingine laini za malisho pia. Kama una kipande cha ardhi chenye uzio ambacho hakijapuliziwa dawa, mweke humo wakati jua limetoka na umwache achunge mwenyewe. Hakuna ratiba ninayoweza kukuandikia itakayoshinda saa tatu za kobe kuchunga. Anatembea, anachagua, anapata jua, anasaga mdomo wake kwa majani magumu, na anakula kidogokidogo kama mwili wake unavyotaka.

Juu ya msingi huo weka majani mapana na magugu. Mchunga, dandelioni, mbigili changa, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, majani ya mzabibu, majani ya viazi vitamu kwa kiasi, majani ya maboga. Maua ya haibiskasi nayapendekeza kwa moyo wangu wote kwa sababu yanampa kobe ile rangi anayoitamani bila ile sukari. Ni chambo kizuri sana cha kumfundishia vyakula vipya, na nitarudi hapo. Mpungate pia ni hazina: choma au kwangua miiba, kata vipande, mpe mara moja au mbili kwa wiki. Una nyuzinyuzi, maji na kalsiamu kwa pamoja, ingawa ukizidisha huharisha.

Tahadhari ya kuchuma. Usichume kando ya barabara yenye magari mengi, wala mahali panapopuliziwa dawa ya wadudu au ya magugu, wala pale mbwa wanapokojoa. Mimea ya maua iliyotoka kwenye vitalu vya biashara mara nyingi imetiwa dawa ndani ya mizizi, kwa hiyo ikuze kwako muda wa kutosha, itoe majani mapya, ndipo umpe. Na usimpe mmea usioujua. Oleanda, ule mmea wa maua ya mapambo, ni sumu kali. Majani ya parachichi, ya nyanya, ya viazi ulaya na ya rubabu (rhubarb) usimguse nayo kabisa. Kobe hana akili ya kukataa sumu kama watu wanavyodai. Mimi nimeona kobe akitafuna kipande cha plastiki chekundu kwa hamu ileile anayokulia nyanya.

Matunda kwa kobe wako, acha kabisa kwa sasa. Tumbo likishatulia, kipande kidogo mara moja kwa mwezi hakitaharibu kitu, lakini ukiniuliza kama anakihitaji, hahitaji.

Mkate nao uache leo. Vivyo hivyo wali, tambi, maziwa na chochote kilichopikwa. Ni wanga ambao utumbo wake haukuumbiwa, na unachochea uchachukaji uleule wa sukari.

Sasa chakula cha paka. Najua ulikusudia nguvu. Kobe anapovunja protini, taka yake ni asidi ya mkojo, na figo zake ndizo zinazoitoa. Protini ya nyama ikiwa nyingi na maji yakiwa kidogo, asidi hiyo hujikusanya kwenye viungo na kwenye figo zenyewe, na kuna wakati huganda kuwa jiwe ndani ya kibofu. Hayo ni maumivu ambayo kobe hawezi kuyalilia. Utayaona kwa kuchelewa, anapokataa kutembea.

Wapo watakaokuambia kwamba porini kobe hula nyama. Ni kweli hutokea. Mwaka 2020 katika kisiwa cha Frégate, Shelisheli, watafiti walimpiga picha za video kobe mkubwa akimfuata kifaranga wa ndege na kumuua na kumla, na habari hiyo ilichapishwa mwaka uliofuata. Kobe chui nao hujulikana kwa kuguguna mifupa mikavu na kula kinyesi cheupe cha fisi. Lakini tazama wanachokitafuta hawa wa mwisho: kinyesi cha fisi ni cheupe kwa sababu kimejaa mfupa uliosagwa. Kobe ana njaa ya kalsiamu, na sisi tunaweza kumpa kalsiamu kwa njia safi zaidi kuliko chakula cha paka.

Je, vinundu ni vya protini? Hapa marafiki zako wote wawili wamekosea kidogo na kupatia kidogo. Kwa miaka mingi tuliamini protini ndiyo mkosaji mkuu, na hata mimi nilikuwa nikiwaambia watu hivyo. Kisha mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben walichapisha utafiti juu ya watoto wa kobe sulcata waliolelewa katika viwango tofauti vya protini na vya unyevu wa hewa. Waliokulia kwenye hewa kavu ndio waliota vinundu vikubwa. Kiwango cha protini kilionekana kuwa na athari ndogo tu. Tangu hapo tunasisitiza unyevu, hasa miaka ya mwanzo ambapo gamba linakua kwa kasi. Hata hivyo usilichukue hilo kuwa ruhusa ya kulisha ovyo. Kobe anayekua haraka kwa chakula kingi, chenye kalsiamu haba, ndani ya nyumba kavu, bila jua la kweli, anakutana na mambo manne kwa pamoja, na wako ndiye huyo.

Vinundu vilivyokwisha kutoka havitarudi ndani. Nakuambia mapema usije ukakata tamaa mwakani. Utakachotazama ni mistari mipya inayoota pembezoni mwa kila kigae cha gamba. Mambo yakiwa sawa, mistari hiyo itaanza kuota bapa, na baada ya miaka michache utaona wazi mahali ulipobadilisha malezi.

Kwa hiyo maji ni sehemu ya chakula, na nayatilia mkazo kuliko vitamini. Kila siku ya pili au ya tatu mwogeshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu chake akiwa amesimama, dakika 15 hadi 20. Atatumbukiza kichwa na utaona shingo ikipandisha maji. Mara nyingi atajisaidia humohumo, nawe utapata nafasi ya kukagua. Ile sehemu nyeupe inayotoka na mkojo iwe laini kama uji mwepesi. Ikiwa ngumu kama chokaa au ina chembe za mchanga, anakunywa kidogo mno. Mwekee pia sahani pana isiyo na kina ya maji safi kila siku, na pango dogo la kulalia lenye majani makavu au udongo ulionyunyiziwa maji, liwe na unyevu bila kuwa baridi.

Na sasa dirisha. Hili linaniuma kwa sababu watu wema wengi wanadanganywa nalo. Kalsiamu haiingii vizuri mwilini bila vitamini D3, na kobe huitengeneza ngozini kwa mionzi ya urujuanimno aina ya B, ile ya kati ya nanomita 290 na 315. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu yote. Kobe wako amekaa miaka mitatu akiota joto la jua bila kupata kile hasa anachokihitaji kutoka kwa jua. Mtoe nje, jua limpige moja kwa moja bila kioo wala plastiki katikati, na awe na kivuli cha kukimbilia, maana akikosa kivuli anaweza kufa kwa joto katika muda mfupi sana. Kama haiwezekani kumtoa, anahitaji taa maalumu ya mionzi hiyo, iliyowekwa umbali ambao mtengenezaji ameuandika. Ibadilishe kila mwaka au mapema zaidi, kwa sababu mionzi hupungua huku mwanga ukionekana uleule. Chini ya sehemu ya kuotea joto pafike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Kobe asiyepashwa joto hamalizi kumeng'enya, na chakula kinamwozea tumboni. Ndiyo sababu nasema alishwe asubuhi akishapata joto, na siyo jioni anapoelekea kulala. Na kwa kuwa kobe chui halali usingizi mrefu wa majira ya baridi kama wenzake wa Mediterania, joto hilo alipate mwaka mzima.

Uliuliza juu ya vitamini. Ukishamweka kwenye majani niliyotaja na akipata jua la kweli, hahitaji chupa nyingi. Nunua unga wa kalsiamu kaboneti usio na fosforasi, unyunyizie kidogo kama chumvi juu ya majani mara tatu au nne kwa wiki, kwa kuwa bado anakua. Mwachie pia mfupa wa ngisi mahali anapoweza kuung'ata apendapo. Baadhi ya kobe huudharau kwa miezi kisha siku moja wanaumaliza. Kama anakaa ndani muda wote, tumia unga wenye D3 mara moja kwa wiki, usizidishe, kwani D3 ya unga ikizidi hubaki mwilini na kugandisha kalsiamu pasipotakiwa. Wa nje hahitaji hiyo. Vitamini A ya sindano usikubali achomwe kwa kubahatisha. Dozi kubwa humbambua ngozi, na nimewahi kuuguza kobe wa namna hiyo kwa wiki nyingi.

Tatizo lako gumu ni kwamba hataki. Hapa ndipo wafugaji wengi hushindwa, kwa sababu wanamwonea huruma siku ya pili. Usimkatie kila kitu ghafla. Vijidudu wa tumboni nao wanahitaji muda wa kubadilika. Wiki ya kwanza ondoa ndizi, mkate na chakula cha paka. Kata saladi, tango na nyanya vipande vidogo sana, kisha katakata nyasi na magugu vipande vidogo vilevile, vichanganye na kuvilowesha kidogo ili vishikane asiweze kuchambua. Anza na robo moja ya majani mapya. Kila baada ya siku nne au tano ongeza majani, punguza nyanya na tango. Ua jekundu la haibiskasi likatwe juu yake kama kionjo. Katika wiki ya nne au ya sita nyanya iwe imekwisha kabisa, na saladi imebaki harufu tu. Nyasi kavu zikate fupi kwa mkasi, sentimita moja au chini yake, uziloweshe maji ya uvuguvugu. Wengi huzikataa zikiwa ndefu na kuzikubali zikiwa fupi.

Kuna siku atageuka na kuondoka. Mwache. Ondoa chakula jioni, kesho asubuhi mpe tena mchanganyiko uleule. Kobe wa miaka mitatu aliye na joto la kutosha na anayeogeshwa hatadhurika kwa kususa siku tatu au nne, ingawa kwa kitoto cha miezi michache nisingesema hivyo. Ukimpa nyanya siku anaposusa, umemfundisha kususa.

Kiasi? Nyasi usimpimie, azile kadiri atakavyo. Majani mapana na magugu yawe rundo la ukubwa wa gamba lake kwa siku. Chakula kiweke juu ya jiwe bapa au kigae kikavu: kingo za mdomo zinasagika zinapogusa jiwe, na hamezi mchanga. Mdomo unaorefuka na kupinda kama wa kasuku ni dalili ya chakula laini, na huo nao ukague.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, saa ileile, na uandike. Unachotaka ni mstari unaopanda taratibu. Ukiona anaongezeka kwa kishindo, punguza majani laini, ongeza nyasi. Ukiona anashuka wiki mbili mfululizo, usisubiri ya tatu.

Usidhani miaka mitatu ni kuchelewa. Yupo kobe aitwaye Jonathan katika kisiwa cha St Helena, anayekadiriwa kuzaliwa karibu mwaka 1832, ambaye alidhoofika uzeeni hadi mdomo wake ukawa laini na butu, hawezi tena kukata nyasi vizuri. Daktari wa mifugo Joe Hollins akaanza kumlisha kwa mkono chakula chenye lishe bora mara moja kwa wiki. Mdomo ukakaza, ukarudi kuwa mkali, naye akaendelea kuchunga. Kama mwili wa kobe wa karne nzima na zaidi uliitikia lishe, wa wako utaitikia.

Ila kabla ya yote hayo, naomba umpeleke kwa daktari anayejua reptilia wiki hii, kwa sababu mbili. Kwanza, choo laini chenye harufu kinaweza kuwa na minyoo nyuma yake, na mabadiliko ya chakula peke yake hayatawatoa. Dawa ya minyoo nayo usimpe kwa kukisia, kwa kuwa ivermectin, inayotumika sana kwa wanyama wengine, huua kobe. Pili, bonyeza gamba lake taratibu kwa kidole gumba, juu na tumboni. Kobe wa miaka mitatu anatakiwa awe mgumu kila mahali. Likibonyea, au miguu ikitetemeka anapotembea, au akishindwa kuinua tumbo kutoka sakafuni, anahitaji picha ya eksirei na kalsiamu ya kitabibu, na hapo unga wa jikoni hautoshi. Macho yaliyovimba na mapovu puani nayo hayasubiri.

Choo cha asubuhi hiyo kiweke kwenye kichupa kisafi chenye mfuniko, kikiwa bado kibichi, uende nacho. Na daktari akikuuliza umekuwa ukimlisha nini, mtajie kila kitu kama ulivyonitajia mimi, pamoja na chakula cha paka.